Fowili Ipo, Mbona Gari Limenasa?

SWALI: Nina Hilux ya zamani, fowili (tairi zote nne zinaweza kusukuma), gia za mkono. Mwezi wa tatu nataka kuwapeleka jamaa Ziwa Rutamba, upande wa msitu wa Litipo. Mwaka jana nilinasa kwenye tope na fowili nimeingiza. Nipunguze upepo wa tairi? – Msomaji, Masasi

JIBU: Kabla ya upepo, kagua vitovu vya magurudumu ya mbele. Hilux nyingi za zamani zina kufuli pale za kuzungusha kwa mkono. Zisipofungwa, hata ukiingiza fowili magurudumu ya mbele hayasukumi kitu. Tunashuku ndicho kilichokukuta. Zifunge ungali pakavu. Ndani ya tope umeshachelewa.

Upepo punguza, ila ukishaacha lami. Kama unajaza 35 za kipimo cha psi, shuka hadi 22 hivi, tairi ilale na kushika ardhi kwa urefu zaidi. Chini ya 15 inaweza kuchomoka kwenye ringi ukikata kona. Beba pampu ya betri: kurudi lamini mwendo wa 80 na tairi laini ni kuichemsha mpaka ipasuke.

Mvua ikinyesha usiku, usiondoke alfajiri. Ngoja jua la saa tano, ule utelezi wa juu ukauke. Tope liingie na gia ya pili ya fowili nzito (ile ya nguvu na mwendo mdogo, 4L), mguu utulie, usibadilishe gia katikati. Dimbwi lipime kwa fimbo. Likipita nusu ya gurudumu, geuza. Injini ikizimikia majini usipige stata, maji hayabanwi kama hewa na konrodi, ule mkono wa pistoni, itapinda.

Magurudumu yakizunguka bure, achia mafuta hapohapo. Mara nyingi kinachokushika ni tuta lililobeba difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli), siyo tairi. Chimba chini ya difu kwanza, kisha mbele na nyuma ya tairi. Jeki ikae juu ya ubao mpana, la sivyo itazama yenyewe. Tandika makuti, rudi nyuma kwa nyayo zako. Kamba usifunge kwenye bampa, na watu wakae mbali nayo.

SWALI: Ile minyororo wanayofunga kwenye tairi nchi za theluji, inafaa tope letu? – Msomaji, Mtwara

JIBU: Kwenye mfinyanzi inauma vizuri. Funga tairi zote mbili za ekseli moja, tembea mita 100, shuka ukaze tena, maana ukilegea mnyororo hukata paipu ya breki. Ukifika penye changarawe ngumu, ivue.