Umeskani vyeti vyote? Karatasi usitupe

Msomaji ameuliza kama akishaskani vyeti vyake vyote anaweza kutupa makaratasi akabaki na simu tu. Hapana! Ila na wale wanaolimbikiza makaratasi bila hata nakala moja ya kidijitali wako pabaya vilevile.

Cha kwanza, tazama hati ilizaliwa wapi. Iliyotolewa kwenye karatasi, ikapigwa muhuri na kusainiwa kwa kalamu, kama wosia au hati ya ardhi, asili yake ni karatasi ile, na skani yake ni nakala hata ing'ae vipi. Iliyotolewa kama PDF yenye saini ya kidijitali, asili yake ni faili. Ukiichapa, saini haiwezi kuhakikiwa tena, maana uhakiki unategemea data iliyomo ndani ya faili. Hata kuihifadhi upya kwa programu nyingine kunaweza kuiharibu saini hiyo. Tunza faili ileile uliyotumiwa.

Karatasi nyingi huharibiwa na mwenyewe akidhani anazitunza. Lamineshi ya moto haiondoki bila kuumiza karatasi, na hubapaza muhuri wa kubonyezwa, ule unaoacha alama ya kuinuka kwenye karatasi. Ziko ofisi zinazokataa cheti cha namna hiyo. Risiti za mashine huchapwa kwa joto, kwa hiyo ukizipitisha kwenye lamineshi hugeuka nyeusi, na hata zikikaa kabatini hufifia. Hizo ziskani mapema. Mifuko laini ya plastiki aina ya PVC huvuta wino wa printa mpaka maandishi yanagandia kwenye plastiki. Nunua ya polipropilini au poliesta. Pini za stepla zitoe, zitapata kutu. Hati zikilowa, una kama saa 48 kabla ukungu haujaanza. Zilizogandana usizibandue kwa nguvu wala kuzipiga pasi: zitie kwenye mfuko, uzigandishe kwenye friza hadi upate wa kuzishughulikia.

Sasa skani. Weka nukta 300 kwa inchi (DPI), na 600 kama kuna picha au maandishi madogo sana. Ukurasa wa A4 kwa 300 hutoa pikseli 2480 kwa 3508. Ikitoka chini sana ya hapo, rudia. Skani kwa rangi, pande zote mbili. Programu za simu hupenda kugeuza ukurasa kuwa mweusi na mweupe ili upendeze, na hapo ndipo muhuri uliofifia hupotea kabisa. Muhuri wa kubonyezwa usio na wino upige picha ya pili, mwanga ukitokea ubavuni, la sivyo hauonekani. Hifadhi kama PDF/A, aina iliyowekwa kwa ajili ya kumbukumbu za muda mrefu, kwa kuwa hubeba fonti zake ndani. Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Ikienda kama picha hubanwa na herufi ndogo huvurugika.

Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo jingine. Flashi isiyopata umeme kwa miaka inaweza kupoteza data, kwa hiyo ichomeke na ufungue faili zenyewe mara kwa mara. Na usiitie kwenye sefu ya kuzuia moto ukadhani umemaliza: sefu za kutunzia karatasi hutengenezwa ili ndani joto lisizidi nyuzi 177 za Selsiasi. Karatasi huvumilia hapo. Flashi haivumilii, sefu za vifaa vya data hulenga nyuzi 52.

Wengi husahau akaunti ya mtandaoni. Simu ikiibiwa na laini yake, msimbo wa kuingilia unatumwa kwa laini hiyohiyo uliyoibiwa, na vyeti vyote vinabaki vimefungiwa. Huduma nyingi hutoa misimbo ya akiba ya kurejesha akaunti. Ichape leo, uiweke pamoja na vyeti vya karatasi.