Kimeng'enya Hushirikije katika Mmenyuko Bila Kwisha?

SWALI: Ninajiandaa kwa mtihani wa baiolojia. Kila kitabu nilichofungua kinasema kwamba kimeng'enya huharakisha mmenyuko wa kikemikali lakini chenyewe hakibadiliki. Kama hakibadiliki, kinashirikije? Na kama kinashiriki, mbona hakiishi? Pili, mwenzangu anasema kwamba kuchemsha "huua" vimeng'enya, nami nikambishia kwamba kimeng'enya si kiumbe. Nani yuko sahihi? Tatu, wanga na selulosi zote zimejengwa kwa glukosi. Kwa nini basi mwili wa binadamu humeng'enya wanga na kuiacha selulosi ipite? Naomba lugha nyepesi, lakini usiniondolee kemia.

JIBU: Ndugu msomaji, sentensi hiyo ya vitabuni ni kweli kwa hesabu ya mwisho tu. Ukikilinganisha kimeng'enya kabla ya kazi na baada ya kazi, hutaona tofauti. Katikati ya kazi, hata hivyo, kimeng'enya hubadilika, na vingine hujifunga kwa bondi halisi za kikemikali na kile vinachokishughulikia, kisha hujifungua na kurudi vilivyokuwa. Vitabu huiruka hatua hiyo ya katikati, na ndiyo inayokutatiza.

Tuanze na malighafi. Sehemu kubwa mno ya mwili wa kiumbe hai imeundwa kwa elementi sita: kaboni, haidrojeni, oksijeni, naitrojeni, fosforasi na salfa. Kaboni ndiyo uti wa mgongo wake, kwa kuwa kila atomi yake inaweza kufunga bondi nne na hivyo kujenga minyororo, matawi na pete. Kutokana na elementi hizo hupatikana makundi manne ya molekuli kubwa: kabohaidreti, lipidi, protini na asidi nukleiki, yaani DNA na RNA. Kabohaidreti nitazirudia katika swali lako la tatu. Lipidi na asidi nukleiki naziacha, kwa sababu takribani vimeng'enya vyote ni protini, na hapo ndipo penye jambo letu.

Protini ni mnyororo wa asidi amino. Seli hutumia aina 20 za asidi amino, nazo huungana moja baada ya nyingine kwa bondi ya peptidi. Aina 20 zaweza kuonekana chache, lakini mnyororo mfupi wenye asidi amino 100 tu unaweza kupangwa kwa namna nyingi kuliko tarakimu 1 ikifuatwa na sufuri 130, na kila mpangilio una tabia yake. Mnyororo haubaki umenyooka. Asidi amino zenye asili ya mafuta huyakimbia maji na kujificha ndani, zenye chaji hasi na chanya huvutana, na zile zenye salfa mara nyingine hushikana mbili mbili kwa bondi imara. Mnyororo hujikunja wenyewe kwa nguvu hizo hadi kupata umbo maalumu lenye mfinyo au mfuko mdogo juu yake, unaoitwa eneo tendaji. Asidi amino zinazokutana katika eneo hilo huenda zilikuwa mbalimbali sana kwenye mnyororo, na ni kujikunja tu kulikozileta pamoja. Uishike hoja hii, kwani ndiyo inayojibu swali lako la pili.

Sasa, kwa nini kiumbe kihitaji msaada huo? Kwa sababu mimenyuko mingi ya uhai, hata ile inayotoa nishati, haiendi yenyewe kwa kasi ya kutosha. Bondi ya peptidi ikiachwa katika maji ya kawaida, bila asidi kali wala kimeng'enya, huchukua mamia ya miaka kabla ya kukatika. Ili ikatike, atomi zake hazina budi kupita kwanza katika umbo lililopinda na kulegea, lisilotulia, ambalo wanakemia huliita hali ya mpito. Kufika hapo kunahitaji nishati, na nishati hiyo ndiyo kizingiti. Kimeng'enya hakizisukumi molekuli kwa nguvu, wala hakiongezi nishati yoyote kutoka nje, bali hukishusha kizingiti chenyewe. Mwaka 1995 watafiti Anna Radzicka na Richard Wolfenden wa Marekani walikadiria kwamba mmenyuko mmoja unaohitajika katika kutengeneza vijenzi vya DNA na RNA, ukiachwa peke yake majini, ungechukua takribani miaka milioni 78 hadi nusu ya molekuli zibadilike. Kimeng'enya chake huukamilisha kwa sehemu ndogo ya sekunde.

Hapa mwalimu wako huenda aliuchora mfano wa kufuli na ufunguo, ambao Emil Fischer aliutoa mwaka 1894. Ni mfano mzuri wa kueleza kwa nini kila kimeng'enya huchagua molekuli yake. Mwaka 1958 Daniel Koshland aliurekebisha kwa kuonyesha kwamba eneo tendaji si gumu kama chuma, bali hujirekebisha linapoishika molekuli, mithili ya glavu inavyotii umbo la mkono. Mimi, hata hivyo, huona kwamba mifano yote miwili huwapoteza wanafunzi ikiachwa hapo, maana haielezi kasi inatoka wapi. Hebu fikiri: kama eneo tendaji lingeshikamana kikamilifu na molekuli kama ilivyo, molekuli hiyo ingetulia humo kwa raha na isingekuwa na sababu ya kubadilika. Kizingiti kingepanda badala ya kushuka. Linus Pauling ndiye aliyeliweka wazi jambo hili katika miaka ya 1940: kile ambacho eneo tendaji hushikamana nacho vizuri kuliko vyote ni hali ya mpito. Molekuli inapoanza kupinda kuelekea hali hiyo, kimeng'enya huishikilia zaidi na zaidi, na mshikamano huo ndio unaogharimia kizingiti.

Tuitazame kazi hiyo kwa karibu katika kimeng'enya kimoja, kimotripsini, ambacho kongosho hukitengeneza ili kukata protini ndani ya utumbo mwembamba. Katika eneo lake tendaji kuna asidi amino tatu: histidini iliyo nafasi ya 57, aspateti ya nafasi ya 102 na serini ya nafasi ya 195. Tazama nafasi hizo zilivyo mbali kwenye mnyororo, ilhali katika umbo lililokunjika zimekaa bega kwa bega. Kando yake upo mfuko unaopenda kupokea asidi amino zenye pete kubwa, na huo ndio unaoamua protini ikatwe wapi.

Protini inapoingia na pete yake kutulia mfukoni, histidini huichukua protoni ya serini, yaani kiini cha haidrojeni chenye chaji chanya. Oksijeni ya serini, ikiwa sasa na uchu wa kemia, huishambulia kaboni ya bondi ya peptidi. Kaboni hiyo, iliyokuwa bapa na yenye majirani watatu, hupata jirani wa nne na kuvimba katika umbo la pande nne, na oksijeni yake hubeba chaji hasi. Pembeni kuna kishimo kidogo chenye haidrojeni mbili za kimeng'enya zinazoikabili chaji hiyo barabara na kuituliza. Kishimo hicho ndicho kinachoitambua hali ya mpito niliyoieleza. Kisha bondi hukatika, nusu moja ya protini huondoka, na nusu ya pili hubaki imefungwa kwenye serini kwa bondi kamili. Ukikipima kimeng'enya wakati huo, utakikuta si kile kilichoanza. Ndipo molekuli ya maji huingia, histidini huiandaa kwa namna ile ile, nusu ya pili hukatwa na kuondoka, na serini hupata tena protoni yake. Aspateti haikukata kitu wakati wote huo. Kazi yake ilikuwa kuishika histidini katika mkao unaofaa.

Kwa hiyo kimeng'enya hakiishi kwa sababu kila kilichokopwa hurudishwa. Wala si vyote hupitia bondi na molekuli yake kama kimotripsini. Vingine huzikutanisha molekuli mbili katika mkao sahihi tu, na vingine hutumia madini kama zinki au chuma. Katalesi, ambacho kina chuma, hugawanya haidrojeni peroksaidi kuwa maji na oksijeni, na molekuli moja yake huweza kushughulikia mamilioni ya molekuli kwa sekunde. Mapovu meupe unayoyaona haidrojeni peroksaidi inapomiminwa kwenye kidonda kama dawa ni oksijeni ya kazi hiyo. Ongeza hapa tahadhari moja ya mtihani: kimeng'enya huharakisha mmenyuko kwenda na kurudi kwa kiwango kilekile, hivyo hakibadilishi kabisa mahali ambapo msawazo hukaa, yaani pale kasi ya kwenda inapolingana na ya kurudi. Na ukiniuliza kama huchakaa, ndiyo, huchakaa. Seli huvivunja vimeng'enya vilivyozeeka na kutengeneza vingine, lakini hayo ni matengenezo ya seli, si gharama ya mmenyuko.

Kuhusu ubishi wenu, wewe ndiye uliye sahihi, ingawa mwenzako ana wenziwe mashuhuri. Louis Pasteur alishikilia kwamba uchachushaji ni kazi ya seli hai za hamira. Mwaka 1897 Eduard Buchner alizisaga seli hizo, akakamua umajimaji usio na seli hata moja, na sukari ikachachuka vilevile. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1907. Mwaka 1926 James Sumner akakifanya kimeng'enya kiitwacho yuresi kuwa fuwele, akadhihirisha kwamba ni protini. Kitu kinachoweza kuwa fuwele ndani ya chupa hakina uhai wa kuuawa.

Joto hufanya jambo jingine. Kwa kiasi fulani huharakisha kazi, kwa kuwa molekuli hugongana mara nyingi na kwa nguvu zaidi. Likizidi, nguvu dhaifu zinazoushika mkunjo huachia, mnyororo hufumuka, na zile asidi amino tatu hutawanyika. Bondi za peptidi zenyewe hazijakatika. Kilichopotea ni umbo. Ute wa yai unaogeuka mweupe ukichemshwa ni tukio hilohilo katika protini nyingine. Baridi haifumui hivyo, hupunguza mwendo tu, ndiyo maana sampuli za maabara hugandishwa. Asidi na besi nazo hubadili chaji za asidi amino: pepsini ya tumbo hupendelea pH (kipimo cha ukali wa asidi) ya karibu 2, ilhali tripsini ya utumbo hupendelea karibu 8. Vimeng'enya vya bakteria Thermus aquaticus, aliyepatikana katika chemchemi za moto za Yellowstone, Marekani, vina mkunjo imara kiasi kwamba kimoja chao hunakili DNA maabara kwenye nyuzi 72 za Selsiasi.

Swali la tatu sasa ni jepesi. Katika wanga, glukosi zimeunganishwa kwa bondi ya alfa, na mnyororo hujipinda kama springi. Katika selulosi bondi ni ya beta, kila glukosi imegeuzwa kinyume cha jirani yake, na mnyororo hunyooka na kujipanga sambamba na mingine, ikishikana kwa bondi za haidrojeni hadi kuwa nyuzi ngumu. Atomi ni zilezile, tofauti ni upande ambao oksijeni moja imeelekea. Eneo tendaji la amilesi, kimeng'enya cha mate na kongosho, limeumbwa kuipindisha bondi ya alfa. Bondi ya beta haikai humo katika mkao wa kukatika. Binadamu hatengenezi kimeng'enya cha bondi hiyo ya selulosi. Hata ng'ombe, anayeishi kwa nyasi, hana chake mwenyewe: vijidudu vilivyomo katika tumbo lake la kwanza ndivyo vinavyokitengeneza.