Vanila: ukungu kwenye boksi, mmea usiotoa maua na maswali mengine

Barua za msimu huu karibu zote ni za vanila, na nyingi zinauliza dawa. Tumeanza na zile za kukausha kwa sababu ndiko pesa inakopotea, ingawa mtaona tunarudi shambani mara kwa mara.

SWALI: Nimekausha mwenyewe kilo 12 za vanila mbichi kwa mara ya kwanza. Nilizifunga kwenye boksi, na baada ya mwezi mmoja baadhi zimeota vitu vyeupe kwenye ncha. Mnunuzi amekataa boksi lote. Kuna dawa ya kuzirudisha? – Mkulima, Muleba

JIBU: Kwanza hakikisha ni ukungu. Vanila iliyokaushwa vizuri na kukaa miezi mingi hutoa chembe nyeupe zinazong'aa kama sindano ndogo za chumvi. Hizo ni fuwele za vanilini, yaani kile kinachoipa vanila harufu yake, na mnunuzi anayejua kazi huzifurahia. Ukungu haung'ai. Ni kama pamba au vumbi, unaacha alama kidoleni, na mara nyingi huanzia kwenye kikonyo au kwenye ncha. Kwa mwezi mmoja, na ukiwa kwenye ncha, wako ni ukungu.

Matunda yaliyoguswa kidogo tu juu unaweza kuyafuta moja moja kwa kitambaa safi chenye spiriti ya kunywa ya asilimia 70 au zaidi, kisha uyaanike upya kivulini na kuyaweka boksi lake peke yake. Usitumie spiriti ya zambarau ya jiko: ina sumu, na harufu yake haitoki. Tunda ambalo ukungu umeingia ndani, au linalonuka kama dawa ya mbao, lichome moto. Usilifiche katikati ya kifungu. Mnunuzi hufungua vifungu na kunusa, na kifungu kimoja kibaya humfanya akatae na vilivyo vizima, kama ilivyokutokea.

Sababu ziko mbili. Ama vanila ilifungwa ikiwa bado na maji, ama ilichumwa changa. La kwanza unaweza kulipima kwa mizani: kilo 12 mbichi zilizokomaa hutoa kilo 2 hadi 2.4 kavu. Kama uliingiza boksini kilo 3, ulifunga maji. La pili halina tiba. Tunda changa halina vya kutosha vya kugeuka kuwa vanilini, linabaki jembamba lenye harufu hafifu, na huota ukungu hata ukilikausha kwa uangalifu wote.

SWALI: Naombeni hatua za kukausha kuanzia siku ya kuchuma. Kila mtu hapa kijijini ana za kwake. – Mama wa vanila, Bukoba Vijijini

JIBU: Shikamoo Mama. Chuma tunda moja moja, si shada zima, kwa sababu hayakomai pamoja. Linalofaa lina miezi minane hadi tisa tangu lichavushwe, rangi yake ya kijani imefifia, na ncha ya chini imeanza kuwa ya njano. Usidanganywe na urefu. Tunda hufikia urefu wake wote ndani ya wiki nane hivi, kisha hukaa zaidi ya nusu mwaka likijaza ndani. Ukisubiri njano ipande sana, tunda hupasuka na bei hushuka.

Ndani ya siku chache baada ya kuchuma, panga kwa ukubwa na utenge yaliyopasuka. Kisha yaue. Neno ni zito lakini ndilo lenyewe: unasimamisha uhai wa tunda ili lisiendelee kuiva ovyo na kupasuka, na unavunja kuta za ndani ili kimeng'enya chake (kichocheo cha asili kilicho ndani ya tunda) kikutane na malighafi ya vanilini. Chemsha maji hadi nyuzi 65 za Selsiasi. Weka vanila kwenye kikapu au mfuko wa wavu, zamisha kwa dakika tatu kwa matunda marefu na dakika mbili kwa mafupi na yaliyopasuka. Kwa kilo 10 tumia maji lita 30 au zaidi, maana vanila baridi hupoza maji machache na yasishuke chini ya 63. Nunua kipimajoto. Kipimo cha "maji ya moto sufuria moja, ya baridi nusu" kinachopitishwa kwa simu hakifanani kila mahali: Bukoba, kwa mwinuko wake, maji huchemka kwenye nyuzi kama 96, pwani kwenye 100. Maji yakizidi joto unaua na kimeng'enya chenyewe, na utapata fimbo nyeusi isiyonukia. Yakipungua, tunda linabaki hai na kesho utalikuta lina mabaka ya kijani.

Likitoka majini, lichuje haraka na ulifunge likiwa moto ndani ya blanketi la sufu la rangi nyeusi, kisha lote liingie kwenye sanduku la mbao lililotandikwa mablanketi. Lifunike vizuri. Hapo vanila hutoka jasho kwa saa 24 hadi 48. Ukifungua, iwe ya kahawia kama chokoleti na imelainika. Yaliyobaki na kijani yatenge, uyarudie.

Jua ni la kipimo. Tandika blanketi juu ya kichanja, si chini. Subiri lipate moto, kama saa nne asubuhi, ndipo umwage vanila. Iache wazi saa moja, ifunike kwa upande wa pili wa blanketi saa nyingine mbili, kisha viringisha na kurudisha sandukuni ikiwa bado ya moto. Rudia siku sita hadi nane kwa jua zuri, hata wiki mbili kwa jua la mawingu. Anayeiacha juani kutwa nzima kama kahawa anapata ngozi ngumu nje na maji ndani, na huyo ndiye ataandika barua ya ukungu mwezi ujao. Mvua ikinyesha, usiiache imefungwa sandukuni siku mbili. Ifungue ndani ya nyumba ipate hewa.

Baada ya jua ni kivuli. Itandaze kwenye vichanja ndani ya chumba kinachopitisha hewa, kisicho na moshi wala mafuta ya taa, kwa miezi miwili hadi mitatu. Igeuze kila siku mbili, uichambue kila wiki. Kila tunda hukauka kwa wakati wake, na kazi ya hapa ni kutoa yaliyofika na kuacha yasiyofika. Lililofika linazunguka kidole bila kuvunjika, linang'aa mafuta, na ukilibonyeza halitoi maji. Kwa vipimo, vanila ya daraja la juu hubaki na unyevu wa asilimia 30 hadi 35. Ya kukamuliwa kiwandani ni 20 hadi 25.

Mwisho, panga kwa urefu, funga vifungu kwa ukili, na weka kwenye sanduku lililotandikwa karatasi ya nta, si mfuko wa plastiki. Ikae miezi mitatu angalau. Harufu kamili huja humo, na hata hapo kila baada ya wiki mbili ufungue na kunusa.

SWALI: Nina vanila ya miaka minne kwenye migravilea. Imepanda hadi siioni mwisho wake, majani mazuri, lakini maua hakuna. Niweke mbolea gani? – Msomaji, Moshi Vijijini

JIBU: Hakuna mbolea itakayokusaidia, Ndugu. Vanila inayopanda moja kwa moja huendelea kupanda. Maua hutoka kwenye sehemu iliyopindwa na kuning'inia. Na hata kama ingetoa maua huko juu, nani angepanda kuyachavusha kwa mkono?

Ishushe. Fanya kazi hiyo mchana wa jua, si asubuhi, kwa sababu asubuhi rando, yaani shina linalotambaa, limejaa maji na huvunjika kama bamia. Mizizi iliyoshika gome usiivute. Ikate kwa kisu karibu na gome. Shusha rando taratibu, lipitishe kwenye panda ya mti kwenye urefu wa mita 1.5, yaani kifuani hadi usoni pa mtu, kisha liache lining'inie hadi chini. Mkunjo uwe mpana kama kata ya kubebea mtungi. Ukikunja kwa pembe kali, rando linavunjika ndani hata kama nje linaonekana zima. Funga kwa kamba ya mgomba. Waya na nailoni vinakata. Sehemu inayogusa ardhi ifunikie matandazo ili itoe mizizi mipya, kisha ncha iipandishe tena. Mmea unaozungushwa hivi kila mwaka una mizizi sehemu tatu au nne, na ukioza mahali pamoja haufi wote.

Kama rando lina mita sita au saba, kata ziada kuwa marando ya mita moja hadi moja na nusu na upande kwingine. Acha yakae kivulini wiki moja kidonda kikauke, ondoa majani ya vifundo vitatu vya chini, na ulaze vifundo hivyo juu juu chini ya matandazo. Ncha iliyokatwa ibaki nje ya udongo, la sivyo inaoza.

Kisha kata ncha za marando yanayoning'inia, sentimita 10 hadi 15, miezi sita hadi minane kabla ya msimu wa maua. Mmea ukinyimwa kurefuka, na ukapata wiki kadhaa za ukavu, hugeukia maua.

Mgravilea kwa kweli si mti wa kuegemeza vanila, unakimbilia juu. Kwa shamba jipya tumia mbono kaburi au glirisidia, ipande miezi sita hadi mwaka kabla ya vanila, na uikate itoe panda kwenye mita 1.5. Kivuli kiwe nusu: ukisimama chini, ardhi iwe na mabaka ya jua na kivuli sawa kwa sawa. Giza la mgomba usiopunguzwa majani linazuia maua, na jua kali linayafanya majani kuwa ya njano.

SWALI: Nilichavusha maua 60, yameanguka 35. Nakosea wapi? – Kijana wa Kasese, Uganda

JIBU: Ua la vanila hufunguka alfajiri na kunyauka mchana huohuo. Anza saa kumi na mbili asubuhi, maliza kabla ya saa tano. Ua la saa saba mchana linapokea mkono wako lakini halishiki. Siku ya mvua kubwa nayo hupoteza mengi.

Shika ua kwa mkono wa kushoto, kidole cha shahada kikiwa nyuma yake. Kwa kijiti cha meno, pasua ule mdomo wa njano uliojikunja kama faneli. Ndani utaona nguzo fupi. Juu yake kuna kifuko cha chavua, chini kuna tundu lenye utomvu wa kunata, na katikati kuna kiulimi kidogo kinachovitenganisha. Hicho kiulimi ndicho sababu ya kazi yote hii. Kiinue kwa kijiti kielekee juu, kisha kwa dole gumba bonyeza chavua iguse utomvu, na utoe kijiti. Wengi wanaokosea hubonyeza bila kuinua kiulimi, au wanatumia kijiti chenye ncha kali kinachojeruhi ndani. Mbinu ni ileile aliyoibuni Edmond Albius, mtoto wa miaka 12 aliyekuwa mtumwa kisiwani Réunion, mwaka 1841.

Jibu unalipata kesho yake au keshokutwa: ua lililoshika hubaki limekauka kwenye kitunda, lisiloshika huanguka ukiligusa. Kwenye kila shada acha matunda 8 hadi 10, ukichagua maua ya upande wa chini ili matunda yaning'inie yakiwa yamenyooka, kisha ukate vichanga vilivyobaki. Na kama ulichavusha mashada yote ya mmea mchanga, huenda mmea wenyewe ndio uliotupa mzigo.

SWALI: Wezi wanatumaliza. Tunalazimika kuchuma kabla. – Wakulima watatu, Missenyi

JIBU: Kuchuma kabla ni kumwibia mwizi kwa kujiibia. Weka alama. Chukua kizibo laini cha chupa, choma pini ncha zake zitoke upande mmoja zikiwa na umbo la herufi au namba yako, kisha toboa kila tunda likiwa bado kijani, miezi mitatu hivi baada ya kuchavusha. Kovu hubaki hadi vanila ikauke na kuwa nyeusi. Wakulima wa Madagaska wamefanya hivyo miaka mingi. Alama inafaa zaidi kijiji kizima kikiwa na daftari la alama na wanunuzi wakikubali kutonunua bila daftari hilo. Huko Uganda serikali hutangaza tarehe ya kufungua mavuno, na anayeuza kabla ya tarehe anajulikana mara moja. Kikundi chenu kinaweza kujiwekea tarehe yake bila kusubiri mtu.

SWALI: Mizizi imekuwa ya kahawia na rando linasinyaa ingawa mvua ipo. – Muheza

JIBU: Ni uozo wa mizizi wa kuvu ya fuzariamu. Hauna tiba ya uhakika. Kata sehemu ya juu isiyougua, iwe na vifundo vyenye afya, uipande mbali na hapo. Yenye ugonjwa ing'oe na kuichoma. Inua tuta, matandazo yawe makavu makavu na yasiyorundikwa shinani, wala usichukue marando kwenye shamba lenye ugonjwa hata ukipewa bure.

SWALI: Kila nikikata marando mikono inawasha usiku kucha. Ni aleji? – Karagwe

JIBU: Ni utomvu wa vanila. Una chembe kali zinazochoma ngozi. Vaa glovu na mikono mirefu, usijipanguse uso, na osha kwa sabuni mara tu umalizapo.