Sigara ndiyo inanituliza, nitaiachaje na saratani hii?

*Shangazi, shikamoo. Nina saratani ya titi. Nimeshafanyiwa upasuaji, sasa nasubiri mionzi. Saa kumi usiku nashtuka moyo unanienda mbio, najifungia chooni, nafungua dirisha, navuta. Dada akinusa moshi ni ugomvi. Lakini sigara ndiyo dawa pekee ya wasiwasi niliyo nayo.*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Dada yako anakupenda, ila kelele hazijamwachisha mtu sigara. Tumwache.

Tuzungumze hiyo dawa. Ukivuta, nikotini inafika kwenye ubongo ndani ya sekunde chache, na tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini na kotisoli. Hizo ndizo homoni za msongo zenyewe! Moyo unaongeza mbio, presha inapanda. Sasa ule utulivu unatoka wapi? Umekata arosto tu, yaani ile shida ya mwili unaodai nikotini yake. Kila baada ya saa mbili hivi nikotini mwilini hupungua kwa nusu, wasiwasi unarudi, unavuta tena, unasema afadhali.

Kotisoli kwa kawaida hupanda ukiamka, kisha hushuka polepole hadi usiku wa manane. Kwa wanawake wengi wenye saratani ya titi mwendo huo huvurugika, maana hofu, maumivu na kukosa usingizi vinatosha kuuvuruga. Sisemi sigara yako ndiyo chanzo cha kushtuka usiku. Nasema mwili ambao tayari uko roho juu, wewe unauongezea kichocheo.

Arosto itakuumiza hasa wiki ya kwanza, kisha hulegea ndani ya wiki mbili hadi nne. Na walioacha, wakishavuka hapo, wasiwasi wao hupungua kuliko walipokuwa wakivuta. Usijikaze peke yako: omba plasta au bazoka za nikotini. Ukiandikiwa bupropioni, kidonge cha kusaidia kuacha sigara, na unatumia tamoksifeni, kidonge cha saratani ya titi, sema mapema, kwa sababu ya kwanza inaweza kuidhoofisha ya pili. Saa kumi ikifika, kunywa maji, toa pumzi taratibu. Hamu ya sigara huwa kali kwa dakika chache tu.

Kidonda cha mvutaji huchelewa kupona, na mionzi ya kifuani ikikutana na sigara huongeza hatari ya saratani ya mapafu na maradhi ya moyo. Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza ya mionzi, mwambie daktari unavuta ngapi kwa siku. Na usimpunguzie hesabu, nawajua wavutaji.