Maswali na majibu: mito ya Siberia

Barafu ikiisha huko Siberia, mito si itakauka?

Hili nimelijibu mara tatu sasa. Lena, Yenisei na Ob hazinywi barafu ya milimani kama mito ya Himalaya. Zinategemea theluji ya msimu na mvua. Tena maji yameongezeka: mito sita mikubwa ya Urusi iingiayo Aktiki ilizidisha mtiririko kwa takriban asilimia 7 kati ya 1936 na 1999.

Majira ya baridi yaliyopita yalikuwa makali. Ongezeko la joto liko wapi?

Huko Tornio, Finland, wameandika siku barafu ya mto inapovunjika tangu 1693. Wewe unaniletea mwaka mmoja.

Kwa nini Yenisei ina maji mengi zaidi wakati wa baridi kuliko zamani? Ni tabianchi?

Tabianchi peke yake? Hapana. Bwawa la Krasnoyarsk hulimbikiza maji ya kiangazi na kuyaachia wakati wa baridi, umeme unapohitajika. Maji hutoka kwenye kina cha bwawa yakiwa na joto kidogo, basi mto chini ya bwawa haugandi. Nyuzi 30 chini ya sifuri, unafuka mvuke kama sufuria ya chai. Lakini usikimbilie upande wa pili ukadai yote ni bwawa. Mito ya kaskazini isiyo na bwawa nayo imeongeza maji wakati wa baridi, kwa sababu ardhi iliyoganda inayeyuka na maji ya chini ya ardhi yanapata njia ya kufika mtoni. Ukiletewa grafu, uliza kwanza bwawa lilijengwa lini, na kama kituo cha kupimia bado kipo. Miaka ya 1990 vingi vilifungwa Urusi, na aliyevifunga hakutuachia kitu cha kujazia pengo.

Mto unafurikaje bila mvua?

Lena inatoka kusini kwenda kaskazini. Kusini kunayeyuka kwanza, maji yanashuka na kukuta mbele barafu bado ngumu. Mapande yanarundikana, mto unaziba, maji yanapanda kingo. Mei 2001 walituma ndege za kivita kulipua barafu karibu na Lensk. Mji uliharibiwa vilevile.

Nina takwimu za Yenisei za 1970 hadi 1990. Zinatosha kuonyesha mwelekeo?

Hapana. Sayano-Shushenskaya, bwawa jingine la Yenisei, lilianza kuzalisha umeme 1978, katikati ya takwimu zako.