Mwekezaji akiondoka, kinabaki nini?

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmetuuliza: utandawazi wa uchumi unaiinua mikoa au unaiacha nyuma? Unafanya yote mawili, tena mara nyingi ndani ya nchi moja na kwa mkataba mmoja. Ndiyo maana pato la taifa haliniridhishi katika mjadala huu. Pato hilo linaweza kupanda huku mkoa mzima ukizama, na wastani ukaficha kila kitu.

Tazameni Meksiko. Mkataba wa biashara huria baina yake na Marekani na Kanada ulianza kutumika Januari 1, 1994. Majimbo ya kaskazini, yanayopakana na Marekani, yalikuwa na viwanda vya kuunganisha bidhaa za kuuza nje tangu mpango wa mwaka 1965, pamoja na barabara na reli za kuzifikisha sokoni. Yakaongezewa viwanda. Kule kusini mkulima mdogo wa mahindi alijikuta akishindana na mahindi ya Marekani, yanayolimwa kwa mashine na kwa ruzuku. Siku ileile mkataba ulipoanza, Wazapatista, waasi wa jimbo la kusini la Chiapas, walishika silaha, na mkataba huo ulikuwa miongoni mwa malalamiko yao.

Wanauchumi wengi walikuwa na jibu la haraka: anayekosa kazi hapa atahamia kwenye kazi. Mwaka 2013 wanauchumi David Autor, David Dorn na Gordon Hanson walichapisha uchunguzi wao wa maeneo ya Marekani ambayo viwanda vyake vilikumbana na bidhaa kutoka China. Wakakuta ajira imepungua, mishahara imeshuka, na watu wengi zaidi wanaishi kwa misaada ya serikali. Walichotarajiwa wafanyakazi hao kufanya, yaani kuhama kwa wingi, hawakukifanya. Mimi sishangai. Mji ukipoteza kiwanda, nyumba nazo hupoteza bei, na nyumba ndiyo akiba ya mfanyakazi. Ana mama mzee wa kumwangalia, ana watoto shuleni, na ujuzi wake wa miaka ishirini unahusu mashine ambayo imekwisha kufungwa. Mtaji huhama kwa saini. Binadamu ana mizizi, na sioni kwa nini aonekane mzembe kwa sababu hiyo.

Mfano ninaoufikiria kila mara ni kiwanda cha simu cha Nokia. Januari 2008 kampuni hiyo ilitangaza kukifunga kiwanda chake cha Bochum, Ujerumani, kilichokuwa na wafanyakazi wapatao 2,300, ingawa ilikuwa ikipata faida kubwa. Kilikuwa kimewahi kupokea ruzuku ya mamilioni ya euro, na serikali ya jimbo ikadai irudishiwe. Kazi ilihamishiwa Jucu, karibu na mji wa Cluj, Romania, ambako mishahara ilikuwa chini sana na mamlaka za mkoa zilikuwa zimeandaa eneo la viwanda. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini Septemba 2011 mgeni yuleyule alitangaza kwamba Jucu nako kunafungwa, kazi inakwenda Asia. Ilikuwa imepita miaka mitatu na ushee tu! Umoja wa Ulaya una mfuko wa kuwasaidia wafanyakazi walioathiriwa na utandawazi, ulioanza mwaka 2007. Mfuko huo ulitoa fedha kwa ajili ya Bochum, kisha ukatoa kwa ajili ya Cluj. Mlipa kodi aligharamia kumkaribisha mwekezaji, kisha akagharamia kuondoka kwake.

Hata hivyo Cluj haikuanguka. Mwaka 2012 De'Longhi, watengenezaji wa mashine za kahawa, walilinunua jengo lililoachwa, na Bosch nao wakajenga kiwanda Jucu. Kwa nini? Kwa maoni yangu, kwa sababu Cluj ni mji wa vyuo vikuu, wenye wahandisi na watu wa programu za kompyuta ambao hawakuletwa na Nokia wala hawakuondoka nayo. Mkoa wenye kodi nafuu na mishahara midogo pekee huwa wa kwanza kuhamwa, maana daima kuna mahali pengine nafuu zaidi.

Shenzhen, mji wa kusini mwa China, inaonyesha upande wa pili wa jambo hilohilo. Ilipotangazwa kuwa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, ilianza kwa kuunganisha bidhaa za wengine kwa ujira mdogo. Leo ina watu zaidi ya milioni 17 na kampuni zake yenyewe zinazobuni na kuuza dunia nzima. Katikati ya safari hiyo kulikuwa na mafundi waliojifunza kazi, kisha wakafungua karakana za vipuri jirani na viwanda vilivyowafundisha. (Sisahau gharama: wahamiaji kutoka vijijini walioibeba kazi hiyo waliishi miaka mingi bila haki sawa na wakazi.)

Kwa hiyo ningeomba maofisa wa mikoa, kabla ya kusaini msamaha wa kodi, wapime mambo mengine zaidi ya idadi ya ajira za mwaka wa kwanza. Vipuri vitanunuliwa kwa nani? Wahandisi wa hapa wataingia kwenye ubunifu, au watakomea kwenye kufunga skrubu? Ruzuku itarudishwaje mwekezaji akiondoka mapema?

Bochum yenyewe ilipigwa tena. Kiwanda cha magari cha Opel, kilichofunguliwa mwaka 1962 wakati migodi ya makaa ya mawe ikifungwa, kilisimamisha uzalishaji Desemba 2014. Ila mwaka 1965 mjini humo kulikuwa kumefunguliwa chuo kikuu, katika bonde la Ruhr ambalo hadi wakati huo lilijulikana kwa migodi na chuma. Leo kwenye ardhi ya Opel kuna ofisi na maabara za watafiti wa chuo hicho.