Tope la majitaka shambani: pima kwanza, ndugu yangu

Juzi msomaji mmoja kaniandikia: "Dada, nimepata tope lililokaushwa la mabwawa ya majitaka, kenta nzima kwa bei ya kutupa. Niweke kwenye mchicha?" Nilisoma ujumbe ule mara tatu, moyo unauma, kwa sababu swali hilo mimi sikumuuliza mtu.

Nilikuwa na matuta manne ya mchicha na chainizi nje kidogo ya Dar es Salaam. Tope lilikuja kavu, halinuki, jeusi kama mboji. Nikamwaga misimu miwili mfululizo. Mchicha ukanenepa, majani mapana kama viganja, majirani wakawa wanasimama kuutazama. Nilijivuna, sifichi. Nikapata mteja wa hoteli, naye akataka cheti cha maabara. Mbona rahisi, nikasema.

Majibu yakatoka: kadimi, metali nzito yenye sumu, imepita miligramu 0.2 kwa kilo, ambacho ndicho kiwango cha juu kwa mboga za majani kilichowekwa na Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula. Mteja hakupokea simu yangu tena. Aliyeniuzia tope alinijibu kwamba wenzangu hawajalalamika. Neno hilo bado linanikaa kooni.

Ndipo nikajifunza kwa uchungu. Majitaka ya mjini hayatoki vyooni tu. Karakana za betri, viwanda vya rangi, wapaka kromu na zinki, wote wanamwaga kwenye bomba moja. Maji yakisafishwa, metali hazipotei, zinatuama kwenye tope. Jua linaweza kuua mayai ya minyoo, lakini risasi na kadimi haziozi wala hazifi. Hata ukilivundika liwe mboji, tope linapungua, metali inabaki ileile, kwa hiyo kila kilo inabeba zaidi. Na udongo ukiwa na asidi, kadimi inalegea na kupanda kwenye majani. Mlaji ndiye anayeibeba kwenye figo miaka na miaka.

Kwa hiyo pima tope. Pima na udongo wako pia, kabla ya kumwaga. Ulaya waliweka sheria mwaka 1986: tope lisizidi miligramu 20 hadi 40 za kadimi kwa kilo, na udongo unaolipokea usizidi 1 hadi 3. Uswisi wao waliacha kabisa kulitumia mashambani. Sisi tunalishika kwa mikono na kuwapelekea watoto wa watu sahani ya mboga! Muulize muuzaji bwawa lake linapokea majitaka ya nani. Akikwepa swali, mwache na kenta yake. Kama umeshamwaga, chokaa husaidia kupunguza asidi, lakini haiondoi kadimi, na mboga za majani ziache kwenye eneo hilo. Na pima, narudia, pima.

Matuta yangu manne sasa yana miche ya maua ya kuuza. Mchicha nimeuhamishia upande wa pili wa uzio, kwa samadi ya ng'ombe. Mwezi uliopita nilipeleka sampuli, ikapita. Cheti nimempelekea yule mteja wa hoteli. Bado hajanijibu.